Upande wa Ukuta Wenye Jua

Nakuandikia wewe uliyeambiwa kuwa ni mvivu, ukakubali kwa sababu hukuwa na neno jingine la kujieleza. Labda umekaa ndani sasa hivi, nje kuna manyunyu, mtoto wako anakuita, nawe unamsikia kama unavyosikia ng'ombe wa jirani. Usijilazimishe kusoma yote kwa siku moja. Mimi nilipokuwa katika hali hiyo, barua aliyoiandikisha mama yangu, yenye mistari sita, niliisoma kwa siku tatu. Soma kidogo, weka chini, pumzika. Karatasi haikimbii.

Mimi si mganga wala muuguzi. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, kisha nikajifunza kushona. Ugonjwa huu unaanzia wapi katika mwili sijui, na wale niliowauliza hawakujua pia. Nitakueleza tu ulivyonipata, nilivyokaa nao, na kilichonitoa. Kama kuna kinachokufaa, chukua.

Nilizaliwa Idodi, chini kule magharibi ya Iringa. Kwetu jua si habari. Lipo tu, na kazi ya mtu ni kulikwepa. Tulianika majani ya kunde juu ya mkeka asubuhi, jioni yalikuwa yamekauka, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulikosa jua na kuugua, kama ambavyo sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuishiwa na upepo.

Mume wangu, Ambilikile, ni Mnyakyusa. Alikuja Iringa na mafundi seremala waliopaua madarasa, na mwaka uliofuata tukafunga ndoa kanisani. Tulisafiri kwa basi siku mbili kwenda kwao. Igawa tulishuka kunyoosha miguu, tukala viazi vitamu vya kuchoma, naye akaniambia kwamba huko tuendako ndizi zinapikwa kama sisi tunavyopika ugali, asubuhi na jioni. Tulifika mwishoni mwa Oktoba. Kijiji chao kiko juu kidogo ya Tukuyu, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Siku tatu za kwanza niliuona mlima wote, mpaka miti ya kileleni. Siku ya nne wingu lilishuka, na nilipouona tena mlima ule nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Ambilikile alirudi kazini Mbeya, kwenye karakana ya serikali, ambako alikuwa na chumba kimoja anachokaa na fundi mwenzake. Mimi nilibaki nyumbani kwa baba yake, na mama mkwe, na wifi yangu Tumpe ambaye alikuwa bado hajaolewa. Ambilikile alikuja kila mwisho wa mwezi.

Hapa lazima nikueleze desturi moja, maana bila hiyo hutaelewa mengine. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hapiti mbele yake, hali naye, hazungumzi naye, wala halitaji jina lake. Akikutana naye njiani anaingia porini na kujifunika. Baba mkwe naye ana wajibu wake: akikaribia anakohoa, ili mwanamke apate nafasi ya kuondoka. Wakristo wengi walikuwa wamekwisha kulegeza mambo hayo. Mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, na ibadani alikubali nikae upande wa wanawake bila kujifunika. Nyumbani kwake desturi ilibaki kama ilivyokuwa kwa baba yake. Tafadhali usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na alinipa heshima hiyo bila kupunguza. Jina lake sijalitaja mpaka leo, na hapa pia silitaji.

Nyumba yetu ilitazama mashariki. Mbele palikuwa na uwanja uliofagiwa, na ukuta wa mbele ndio uliopokea jua la asubuhi, siku lilipopatikana. Mkwe wangu alikuwa na kigoda chake pale ukutani. Jiko lilikuwa nyuma, na nyuma ya jiko migomba, imesongamana, ikidondosha maji hata siku isiyo na mvua. Mbele kulikuwa kwake. Nyuma kulikuwa kwangu. Jua likitoka, alikohoa, nami niliingia ndani au nikaenda kwenye migomba.

Masika ya kwanza nilikuwa mzito, mwenye usingizi, mwenye kula sana. Wote walisema ni mimba, na mimi nilisema hivyo. Tusa alizaliwa Agosti. Septemba na Oktoba, mawingu yalipopanda na watu wote kushinda mashambani, nikawa mwepesi. Nilifikiri ndiyo furaha ya kujifungua. Kisha mvua zikarudi, na safari hii hapakuwa na mimba ya kusingizia.

Watu huuliza kama nilikuwa na huzuni. Hapana. Mwenye huzuni anajua anachokililia. Mimi nilikuwa na ganzi, kama mguu uliolaliwa vibaya, ila ilikuwa mwili mzima na ilikuwa kila siku. Niliamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Nilikula ndizi nikashiba nikala tena, na sikujua ladha yake. Uso ulivimba, nguo za harusi zilinibana mikononi. Maziwa yalipungua mpaka Tusa akawa analia kwa hasira kifuani pangu, na mama mkwe akaanza kumpa uji na maziwa ya ng'ombe. Nilimtazama akimlisha. Sikuona wivu wala shukrani. Nilimtazama tu.

Tumpe alikuwa mtu wa maneno. Aliniambia, "Wifi, nyinyi Wahehe ni kama ile mboga yenu ya kukausha. Ikikosa jua inaota ukungu." Alitaka nimjibu, tutukanane kidogo, maana huo ndio utani wetu na siku za mwanzo nilikuwa sishindwi. Nilimwambia, ndiyo. Akaokota kuni zake.

Dawa ya kwanza ilitoka kwa mama mkwe. Alichemsha majani, akanifunika blanketi juu ya chungu nivute mvuke, siku saba, mwezi wa Desemba. Kwa muda wa kufunikwa nilipata joto, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Dawa ya pili ilikuwa ya zahanati ya misheni, mwezi wa Januari: vidonge vya minyoo, kisha vya malaria, kisha chupa ya maji meusi ya kuongeza damu, yenye ladha ya msumari. Nilimaliza chupa tatu. Kwa chupa ya tatu meno yalikuwa yamebadilika rangi, na mimi nilikuwa vilevile.

Machi, Ambilikile alikuja kunichukua tukaenda hospitali kubwa ya Mbeya. Tusa alibaki na bibi yake. Kama umewahi kukaa kwenye benchi la hospitali, unajua kwamba benchi lina sheria zake. Ukisimama umepoteza nafasi. Ukilala unasukumwa. Nilikaa siku mbili kabla ya jina langu kuitwa. Mwanamke mmoja wa Kisafwa aliyekuwa na mtoto mwenye kikohozi alinigawia viazi vyake vya kuchemsha, bila kuniuliza nimetoka wapi wala naumwa nini. Alimenya kimoja akakiweka mkononi mwangu, akasubiri, kisha akakishika kiganja changu akakipeleka mdomoni. Alifanya hivyo kama anavyomfanyia mtoto wake. Jina lake sikulijua.

Daktari alikuwa Mzungu, na dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, ndiye aliyenitafsiria. Aliniuliza naumwa wapi. Nilisema siumwi.

"Sasa umekuja kufanya nini?" dresa aliuliza, na benchi zima lililokuwa mlangoni likacheka.

Nilisema nimeletwa. Daktari alinitazama macho, ulimi, kucha. Akaandika sindano sita, moja kila baada ya siku moja.

Kwa hiyo nilikaa Mbeya karibu majuma mawili. Fundi mwenzake Ambilikile alihamia kwa rafiki ili tupate chumba. Chumba kilikuwa na ngazi mbili za saruji zinazotazama mashariki. Mbeya masika mvua huja mchana, lakini asubuhi nyingi huwa wazi. Nilipotoka kuchomwa sindano nilikaa pale kwenye ngazi kwa sababu makalio yaliuma na kitanda kilikuwa kigumu, na kwa sababu pale hapakuwa na mkwe wa kumkimbia. Sikufikiri zaidi ya hapo. Baada ya sindano ya nne niligundua kuwa chai ina sukari. Baada ya ya sita nilimwuliza mume wangu kama Tusa ameota jino. Alitoka nje. Alikaa huko kitambo, na aliporudi alisema ndiyo, mawili, ya chini.

Tulirudi nyumbani tukisifu sindano. Majuma matatu baadaye sikuwa na hamu ya kuuliza tena juu ya meno.

Hapo ndipo watu wa nyumbani walipochoka nami, na siwalaumu. Ukimwona mtu anapona akiwa kwa mumewe mjini na kuugua akirudi kwenye jembe, wewe ungesema nini? Mama mkwe alimwambia jirani, huku mimi nikiwa jikoni nasikia, "Ugonjwa huu una jina. Unaitwa Mbeya." Jirani alicheka. Mimi nilikoroga uji.

Mkwe wangu ndiye pekee aliyekataa kusema kuwa ni uvivu. Hayo niliyajua baadaye. Alimwambia mke wake kwamba mgonjwa haambiwi anajifanya. Aliagiza nisipelekwe shambani. Zamani alikuwa na kawaida ya kwenda siku mojamoja kwa wazee wenzake asubuhi na kurudi mchana. Aliiacha, akawa anashinda kwenye kigoda chake ukutani ili wageni wasiingie kunisumbua kwa maswali. Mwezi wa Mei, kahawa za kwanza zilipoanza kuiva, vichanja vya kuanikia vilijengwa pale uwanjani mbele ya nyumba kama kila mwaka. Kugeuza kahawa juani, kuiondoa mvua ikija, kuchambua mbovu, ni kazi ya wake wa nyumba. Mkwe wangu alisema nipumzike, atageuza yeye. Mzee wa makamo yake, na watu wakipita njiani wanamwona anafanya kazi ya mkaza mwana. Alivumilia kuchekwa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo kila jua lilipotokeza, hata kwa nusu saa, nilisikia kikohozi chake mbele, nami nikabaki nyuma. Nilisikia kahawa ikisuguana chini ya mikono yake. Jikoni moshi ulikaa chini kwa sababu ya unyevu. Migomba ilidondosha.

Mwishoni mwa Mei, asubuhi moja ya ukungu, Tusa alikuwa anatambaa jikoni. Mama mkwe alikuwa ametoka kuchota maji, Tumpe yuko bandani. Mimi nilikaa karibu na mafiga. Nilimwona Tusa akielekea motoni. Nataka nikuambie hili waziwazi, kwa sababu pengine nawe una jambo la namna hii ambalo hujamwambia mtu. Nilimwona. Nilijua moto unaunguza. Nilijua napaswa kusimama, na kati ya kujua na kusimama palikuwa na mahali parefu sana, nami nilikuwa bado niko njiani aliposhika kijinga cha moto. Alipolia nilimvuta. Mama mkwe aliingia akanikuta nimemshika mkono, namtazama vidole.

Viwili viliungua. Vilipona, kovu limebaki dogo kama punje ya mtama. Lakini siku ile mama mkwe hakunitukana, na kutotukanwa kulinionyesha kuwa neno limekwisha kuamuliwa.

Wazee wa ukoo walikaa Jumapili. Ambilikile aliitwa kutoka Mbeya. Walisema mwanamke huyu arudishwe kwao Idodi, na mtoto abaki, maana mtoto ni wa huku na amenusurika mara moja. Ambilikile aliomba anichukue tukaishi Mbeya. Wakamwuliza, kwa chumba gani, na nani atamlinda mtoto wewe ukiwa karakana? Mama mkwe alitumwa jikoni kunieleza. Alichuchumaa mbele yangu, akanieleza taratibu kwa Kiswahili, ili nisiseme kwamba sikuelewa Kinyakyusa: wewe utaenda, Tusa atabaki.

Nikasema, "Sawa."

Alisubiri. Aliniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Alipotoka alikuwa analia yeye.

Mama yangu aliandikiwa aje kunichukua. Alifika katikati ya Juni, wakati ambapo kwetu Idodi hakuna kazi ya shamba na anga haina hata wingu la kufunika kunguru. Aliletwa na lori kutoka Mbeya, akashuka amejifunga kanga mbili na bado anatetemeka. Alinikuta jikoni. Alinipapasa uso kama kipofu, akaniambia nimenenepa, kisha akakaa.

Ilitakiwa tuondoke baada ya siku mbili, lakini ukungu ulikuwa mzito na lori halikupita. Siku tatu mama alikaa nami jikoni. Aliota moto, alimchezea Tusa, hakusema mengi. Siku ya nne, kama saa tatu, ukungu ulifunguka. Mkwe wangu akakohoa. Mimi nikachukua ndoo nikatoka mlango wa nyuma, nikasimama kwenye migomba, kwenye matope, kama kawaida. Mama, ambaye ni mgeni na ana haki ya kupita, alizunguka mbele kuota jua. Hakukaa. Alirudi akanikuta pale.

"Yule mzee huwa anakaa pale kila siku?"

"Kila jua likitoka."

"Na wewe?"

"Huku."

Alitazama juu, kwenye majani ya migomba, kisha chini, kwenye miguu yangu iliyokuwa na ukungu mweupe kati ya vidole. Aliniuliza tangu lini. Nilisema tangu nilipoolewa. Aliniuliza Mbeya nilikuwa nakaa wapi. Nilimwambia habari ya ngazi. Halafu akasema maneno ambayo mimi sikuyaona kuwa na maana yoyote wakati ule: "Wewe hujarogwa. Wewe hujaanikwa."

Mama yangu hajasoma. Lakini mtu wa Idodi anajua kitu kisichoanikwa kinakuwaje.

Alimtuma Tumpe awaombe wazee wakae tena kabla hatujaondoka. Walikaa uwanjani, na mama akakaa kwenye kizingiti cha mlango, akiwapa mgongo nusu kwa adabu. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta, nasikia. Nilidhani anakuja kumwombea mtoto. Yeye akasema hana neno juu ya mtoto, wala juu ya ndoa. Ana neno juu ya kigoda.

Mzee mmoja aliuliza kigoda gani. Mama akasema cha mwenye nyumba. Mtu alicheka, kisha akaona wengine hawacheki.

Mama alieleza. Alisema binti yake amezaliwa juani, na huku jua ni la kugawana kwa saa, na lote linaangukia ukuta mmoja, na ukuta huo una heshima yake ambayo binti hawezi kuivuka. Hakusema desturi ni mbaya. Alisema tu kwamba karibu miaka miwili sasa, kila jua likitoka, mwanawe anaingia ndani. Aliomba kigoda kihame asubuhi, na binti arudishiwe kazi ya kugeuza kahawa.

Fikiria: mwanamke mgeni, mama wa mkaza mwana, anamwomba mzee wa kanisa aondoke kwenye ukuta wa nyumba yake. Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Mimi mwenyewe sikuogopa. Nilikuwa nasikiliza kama habari za kijiji kingine.

Kisha mkwe wangu akasema, "Nilikaa pale ili apumzike."

"Najua, baba," mama alijibu. "Ndiyo maana nimeomba, sikulalamika."

Mkwe wangu alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ndogo. Alimwuliza mzee wa karibu, kana kwamba mama hayupo, "Kwa hiyo kila nilipomhurumia, nilimfungia?" Akasema kahawa haijaisha. Wangoje mpaka kichanja cha mwisho kikauke, ndipo wazee waje wamwulize mwanamke mwenyewe. Kama bado hana neno, aende.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kikohozi, na kwa mara ya kwanza kilitoka nyuma. Mkwe wangu alikuwa amehamishia kigoda chini ya migomba, kwenye unyevu, amevaa koti zito la jeshi alilorudi nalo kaka wa mume wangu kutoka vita vya kupigana na Wajapani. Kikohozi kile kiliniambia: nenda mbele. Mama alinishika mkono akanipeleka.

Usitegemee muujiza. Juma la kwanza nilisimama kwenye kichanja nikageuza kahawa na sikuhisi kitu. Siku nyingine jua lilitoka kwa muda wa kuchemsha chungu tu, likaondoka. Mama alisema hata hilo lihesabiwe, na wingu likiwa jeupe na jembamba pia tukae nje, maana hata mboga hukauka siku ya wingu, ila polepole. Juma la pili nilihisi joto kisogoni. Kisogo tu. Juma la tatu nilisikia harufu ya kahawa mbichi, ambayo ni mbaya kidogo, kama ya matunda yaliyochacha, na nikashangaa kwamba imekuwa pale siku zote.

Jambo la kwanza kurudi moyoni lilikuwa hasira. Tumpe alipita akasema, naona mboga ya Kihehe inakaribia kuiva, Jumamosi tunaikaanga. Nilimtupia konzi ya kahawa, nikamwambia yeye ni ndizi ya kuchemsha, hata juani mwaka mzima atabaki maji. Alikimbia jikoni, nikadhani anakwenda kushtaki. Nilimsikia akimwambia mama yake kwa furaha kwamba Mama Tusa ametukana.

Kabla sijamaliza habari ya wazee, nikuambie wewe mambo machache. Kama unaugua hivi, angalia ni miezi gani, na ni sehemu gani ya nyumba yenu unapokaa asubuhi. Ganzi haitakuambia, muombe mtu mwingine akutazamie. Ukipata dirisha, kaa dirishani. Ukipata ngazi, kaa kwenye ngazi. Usingoje uwe na hamu, hamu huja nyuma ya miguu. Na kama kuna mtu anakuhurumia, mwambie, au mtume mtu amwambie, huruma yake imeweka kigoda wapi. Wengi wakijua watakihamisha. Mimi masika yakirudi bado huwa mzito, na Januari sijiamini karibu na mafiga, kwa hiyo Tumpe hupika. Lakini sasa tunaujua ugonjwa kwa sura, nao haukai mpaka Mei.

Kichanja cha mwisho kilikauka mwishoni mwa Agosti. Wazee walikuja siku moja kabla ya kahawa kupelekwa kwenye chama cha ushirika. Ambilikile alikuwapo. Nilikuwa nyuma ya mlango, Tusa amelala mgongoni, na mikono yangu ilikuwa inakaza fundo la mbeleko, kisha inalikaza tena. Nilishangaa kuiona haitulii. Ilikuwa muda mrefu sana tangu niogope kitu.

Mama mkwe alikuja kuniuliza, kama mara ile. Alichuchumaa, akaanza taratibu: lori litapita kesho, mama yako anaondoka.

Hakumaliza. Nilisema, "Siendi." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyoruhusiwa kwa mkaza mwana wakati mkwe wake yuko upande wa pili wa ukuta. Nikasema tena, siendi, na Tusa simwachi, na kama ni kuondolewa waje wanibebe. Kisha nikalia, na nilipoanza sikuweza kuacha.

Nje mzee mmoja aliuliza kama ugonjwa umezidi.

"Hapana," nilimsikia mkwe wangu akisema. "Nendeni makwenu. Huyo amekwisha kujibu."

Kesho yake nilimsindikiza mama mpaka barabarani. Alikuwa na kikapu cha ndizi, na debe la maharage kutoka kwa mama mkwe. Alimbusu Tusa vidole vile viwili, akanitazama uso, akasema nimekonda kidogo, inapendeza. Akapanda lori, akakaa juu ya magunia, hakupunga mkono kwa sababu alikuwa amejishikilia kwa yote miwili. Lori lilikata kona likapotea kwenye migomba ya watu.

Iliniuma. Nilirudi nikiumia njia nzima, nikafika nyumbani, nikawasha moto, nikamenya ndizi za mchana.